Treni ya Saa Nne na Robo Usiku

Mpwa wangu anaandika riwaya. Mhusika wake ni baharia wa Mombasa ambaye mwaka 1942 anatoka London kwenda South Shields, mji wa bandari karibu na Newcastle ambako mabaharia Waarabu na Wasomali walikuwa na nyumba zao za kufikia tangu zamani, ili akapande meli. Sura ya tatu aliniletea mimi, kwa kuwa nilitumikia reli pale Tabora miaka mingi na anaamini hakuna treni duniani nisiyoijua. Baharia wake aliondoka stesheni ya King's Cross saa 11 na nusu jioni, saa 3 na nusu usiku yuko Newcastle.

"Nimeitoa kitabuni, mjomba," akasema.

Kweli aliitoa kitabuni: ratiba ya Bradshaw ya Julai 1938, ile iliyochapishwa upya kwa ajili ya wapenzi wa reli. Treni yenyewe ni Silver Jubilee. Ilianza mwaka 1935, ikawa inamaliza kilomita 430 hivi kwa saa nne kamili, habari ambayo sisi wa Reli ya Kati tuliisikiliza kama hekaya za majini. Tena hata katika fahari yake, Jumamosi haikutoka. Vita vilipoanza Septemba 1939 ilisimamishwa na haikurudi tena. Mwezi huohuo kampuni nne kubwa za reli, ambazo serikali ilikuwa imezishika, ziliweka kando ratiba za amani na kutoa za dharura: treni chache, ndefu, za polepole. Mwandishi anayetumia kitabu cha 1938 anampandisha mtu wake treni isiyokuwepo.

George Bradshaw alikuwa mchonga ramani wa Manchester. Ratiba yake ya kwanza ilitoka mwaka 1839, na tangu Desemba 1841 ikawa inatoka kila mwezi hadi 1961, vita vyote viwili vikiwa humo katikati. Hapo kwenye "kila mwezi" ndipo pa kushika. Usitafute ratiba ya vita kwa jumla. Tafuta ya mwezi uleule aliosafiri mtu wako. Ukiipata, anza na maelezo ya chini ya ukurasa, yale ya herufi za kuumiza macho: hii Jumamosi tu, hii si Jumapili, hii husimama kushusha abiria lakini haipakii. Asiyeyasoma hayo hajaisoma ratiba.

Halafu ujue kwamba reli ina vitabu viwili. Kimoja ni cha abiria. Cha pili ni chetu, ratiba ya kazi, chenye treni za mizigo, injini zinazorudi tupu, na dakika za kupita stesheni ambazo abiria hata hazioni. Juu yake kuna matangazo ya kila mara kwa gadi na madereva: daraja fulani punguza mwendo, treni fulani imeongezwa. Makaratasi ya namna hii yamehifadhiwa Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, na katika makumbusho ya reli ya York. Wakati wa vita tofauti ya vitabu hivi viwili ni kubwa mno. Wanajeshi waliotolewa Dunkirk kati ya Mei na Juni 1940 walisambazwa nchi nzima kwa treni maalumu zaidi ya 500, na hakuna hata moja utakayoiona kwa Bradshaw. Nyingi zilipangwa kwa simu, treni ikiwa tayari njiani.

Saa nazo zilikuwa na mambo yake. Kuanzia 1941, Waingereza walisogeza saa zao mbele kwa saa mbili wakati wa kiangazi, na moja wakati wa baridi. Sisi tunaohesabu saa kwa jua tutashangaa: mwishoni mwa Juni, treni iliyoondoka London saa nne usiku iliondoka jua likiwa bado halijazama! Mpwa wangu alikuwa ameweka nyota na mwezi. Nimemfutia.

Giza likishaingia, lilikuwa giza kwelikweli, maana taa za nje zilikatazwa. Mabao ya majina ya stesheni nayo yaling'olewa mwaka 1940 ili adui akishuka asijue yuko wapi. Abiria mgeni alitegemea sauti ya mpagazi.

Nilimshauri ampeleke baharia kwa treni ya usiku ya Edinburgh, iliyotoka King's Cross saa nne na robo. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 1942 treni hiyo ilikuwa imesimama York ndege za Ujerumani zilipoupiga mji. Paa la stesheni likashika moto, mabehewa kadhaa yakateketea, mengine wafanyakazi wakayavuta nje ya moto. Kwenye karakana ya karibu injini Sir Ralph Wedgwood iliharibiwa isitengenezeke. Angalieni pia mwendo: zaidi ya saa nne tangu kuondoka, iko York, wakati Silver Jubilee kwa muda huo ingekuwa imeshafika Newcastle. Ratiba ya mwezi ule inakwambia treni ilipangiwa kufika saa ngapi. Kuhusu usiku ule haisemi kitu. Kwangu mimi ratiba ya vita ni ushahidi wa jambo moja tu: kwamba treni haikuondoka kabla ya saa iliyoandikwa. Kufika ni habari ya nyaraka nyingine.

Ameukubali ushauri, na saa ya kufika ameitoa. Tunachobishania sasa ni chakula. Anataka baharia ale samaki kwa uma na kisu kwenye behewa la mgahawa, usiku, mwaka 1942. Mabehewa hayo yalikuwa yamepunguzwa sana, na mwaka 1944 yaliondolewa yote. Nimemwambia amfungie mkate kwenye karatasi. Anasema mkate hauna mvuto.