Kiingereza cha Kiwandani na Kiingereza cha Maktaba

Leo tuweke pembeni habari za wanasiasa, tuzungumze historia.

Ukifika Marekani hujui Kiingereza, hutakaa muda mrefu kabla mtu hajakuambia: nenda maktaba ya mtaani. Darasa ni la bure. Utamkuta mama wa Bangladesh, kijana wa Ecuador, na pengine mzee wa Kikongo aliyeishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Ukilitazama haraka utasema ni hisani tu. Mimi naona nyuma ya darasa hilo kuna ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja: je, ili mtu ajifunze lugha ya ugenini, lazima ya kwao ife?

Kati ya 1880 na 1920 wahamiaji zaidi ya milioni 20 waliingia Marekani, wengi wao Waitaliano, Wapolandi na Wayahudi waliokimbia Urusi. Mwaka 1906 sheria ikasema anayetaka uraia lazima aweze kuzungumza Kiingereza. Haya, nani atawafundisha?

Henry Ford alikuwa na jibu lake. Mwaka 1914 kampuni yake ya magari ilianzisha shule ya Kiingereza kwa wafanyakazi wa kigeni, na kuhudhuria haikuwa hiari. Siku ya mahafali lilitengenezwa chungu kikubwa jukwaani. Wahitimu waliingia humo wakiwa na mavazi ya kwao, wakatokea upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani na kupeperusha vibendera. Yaani utu wako wa zamani umepikwa, umeyeyuka, kwisha habari!

Vita Kuu ya Kwanza ikazidisha moto. Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alipiga marufuku lugha yoyote isiyo Kiingereza shuleni, kwenye treni, kwenye simu, hata kanisani. Hebu fikiria bibi kizee anayekatazwa kuomba Mungu hadharani kwa lugha aliyonyonya nayo!

Maktaba zilishika njia nyingine. Mwaka 1901 tajiri Andrew Carnegie aliahidi jiji la New York dola milioni 5.2 za kujenga matawi ya maktaba mitaani. Tawi la Seward Park likafunguliwa mwaka 1909 katikati ya mitaa ya Wayahudi maskini. Rafu zake zilikuwa na vitabu vya Kiyidi na Kirusi pamoja na vya Kiingereza. Sehemu mbalimbali za nchi, maktaba zilitoa vyumba bure kwa madarasa ya Kiingereza ya watu wazima waliotoka kazini jioni. Mwaka 1910 John Foster Carr alitoa kitabu cha mwongozo kwa Waitaliano. Kiliwahimiza wajifunze Kiingereza, lakini chenyewe kiliandikwa kwa Kiitaliano! Alijua kwamba mtu humweleweshi kwa lugha asiyoijua.

Mkuu wa Seward Park kuanzia 1915 alikuwa mama mmoja aitwaye Ernestine Rose. Mwaka 1917 aliandika kijitabu kuhusu kazi ya maktaba kwa wageni hao, akiwatazama kama watu waliokuja na utamaduni wao. Mwaka 1920 alihamishiwa tawi la Mtaa wa 135, Harlem, kwa watu weusi. Huko nako alikwenda na fikra ileile. Mwaka 1926 tawi hilo likapata hazina ya vitabu na nyaraka za Waafrika zilizokusanywa na Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico. Leo ndicho kituo maarufu cha Schomburg.

Tusiwapake wakutubi mafuta wakang'aa kuliko walivyokuwa. Nao walitaka wahamiaji wawe Wamarekani, na wakati wa vita maktaba nyingi ziliondoa vitabu vya Kijerumani rafuni. Tofauti ni kwamba maktaba haikukulipa mshahara, kwa hiyo haikuweza kukutishia. Uliingia kwa miguu yako. Ukichukizwa, unatoka.

Mwaka 1977 maktaba ya Queens, New York, ilianzisha mpango maalumu kwa wahamiaji: Kiingereza kinafundishwa bure, na vitabu vya lugha zao vinanunuliwa. Ni ile njia ya Seward Park.

Kwa nini nayasema haya kwa Kiswahili? Kwa sababu sisi chungu cha Ford tunakijua. Kuna shule kwetu ambako mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama yake. Wengi waliopita huko bado wanaamini kwamba Kiingereza huingia kichwani pale tu lugha nyingine inapotoka.

Katika mwaka wa fedha wa 2016 hakuna nchi iliyotoa wakimbizi wengi waliopokelewa Marekani kuliko Kongo: zaidi ya 16,000. Wengi wao ni Waswahili wenzetu kwa lugha. Ushauri wangu kwao: nendeni maktaba, mkakisome Kiingereza bila aibu, kitawasaidia kwa daktari na kwa mwajiri. Kisha mrudi nyumbani muwasimulie watoto hadithi kwa Kiswahili. Na mkiwa pale, muulizeni mkutubi kama ana vitabu vya Kiswahili. Kama hana, mwambieni aagize.