Rekodi za Chama Ziko WhatsApp? Soma Hii Kabla Simu Ipotee

Wewe ndiye katibu wa chama yenu hapo Riruta Satellite. Meseji za M-Pesa, majina na picha za risiti zote ziko kwa grupu. Sasa simu inyakuliwe kwa steji ya Naivasha Road. Utaonyesha watu nini? Jipange mapema:

Tuma kama dokumenti. Picha ukiituma ile kawaida, WhatsApp huibana na namba za risiti zinaweza kufifia. Ikienda kama dokumenti, inafika vile iko. Tangu 2022, faili moja inaweza kufika GB 2.

Zima meseji za kujifuta. Zikiwashwa, rekodi zinayeyuka baada ya saa 24, siku 7 ama siku 90.

Washa bekapu. Kwa Android inaenda kwa akaunti yako ya Google, na inakula ile nafasi ya bure ya GB 15. Kwa hivyo futa video za vichekesho, risiti zibaki.

Usiamini skrinshoti pekee. Kuichezea ni rahisi. Mweka hazina atoe taarifa ya M-Pesa ya PDF kila mwezi, na watu wawili wengine wakae na nakala kwa imeili.

Mkikosania doh mpaka kortini, kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi kinakubali rekodi za kidijitali. Lakini korti huangalia pia vile zilitunzwa. Grupu ni ya kutuma, kutunza ni kazi yenu.