Nafasi ya Hadhira katika Ndoto za Elibidi

Tufundishapo tamthilia katika shule za Nakuru, Njoro na Molo, aghalabu tunahakiki maandishi na kuisahau hadhira. Filamu ya Ndoto za Elibidi (2010) inaziba pengo hilo. Kamau wa Ndung'u na Nick Reding waliiongoza kutokana na mchezo wa jukwaani wa waigizaji wa mitaa ya mabanda ya Nairobi. Kisa ni cha kubuni: wazazi, mabinti wanne na wapenzi wao wanakabiliana na UKIMWI. Hata hivyo, kamera huacha kisa na kutuonyesha watazamaji halisi wa mtaani wakiutazama mchezo uo huo.

Kuipa hadhira nafasi si jambo geni nchini. Mnamo 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walishiriki kuikuza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliisimamisha mwaka huo huo. Mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa.

Ukumbi ukibomolewa, mwitikio wa hadhira hupotea nao. Filamu hii imeuhifadhi. Basi mwalimu, wanafunzi wako waigizapo, mmoja wao awarekodi watazamaji, na uhakiki darasani uanzie hapo.