Kosa Lililokuja na Serikali

Anayevuka Ziwa Victoria kwa feri kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita yumo Kenya mwanzo hadi mwisho, lakini mpaka 1902 ufuo huu ulihesabiwa sehemu ya Uganda. Mipaka ilisogezwa juu ya vichwa vya wenyeji, na sheria ililetwa vivyo hivyo. Kanuni ya adhabu ambayo Waingereza waliitunga India mwaka 1860, pamoja na kifungu chake cha 377 kuhusu kujamiiana kinyume cha maumbile, walianza kuitumia Kenya 1897. Kanuni ya 1930 ikachukua nafasi yake, na kifungu chake cha 162 bado kinatishia miaka 14 jela. Anayedai kwamba mapenzi ya jinsia moja ni mzigo wa Mzungu, basi, ameshika hati ya mzigo mwingine.

Kwamba mapenzi hayo si mzigo wa kigeni, Mombasa inaonyesha vizuri. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, katika utafiti aliouchapisha 1987, anawaeleza mashoga wakipiga pembe kwenye harusi za wanawake, pale ambapo mwanamume mwingine hapiti hata mlangoni. Na huo ni mji wa adhana. Hapana, hawakutukuzwa, walisengenywa, na fiqhi haikulegea. Walikuwa na nafasi yao ngomani, basi. Hapa pingamizi la dini ni zito: wanazuoni wengi wanaharamisha tendo lenyewe, na msanii hatoi fatwa. Ila kuharamisha si kufuta. Diriye Osman, mwandishi Msomali aliyekulia Nairobi kabla ya kuhamia London, alichapisha hadithi zake 2013, na ndani yake Uislamu na mapenzi ya jinsia moja vinakaa kifua kimoja, kwa maumivu.

Ng'ambo ya ziwa, Kampala, mchezo wa The River and the Mountain ulipandishwa jukwaani 2012 licha ya katazo la Baraza la Habari: mfanyabiashara shoga anauawa na wafanyakazi wake mwenyewe. Mtayarishaji, David Cecil, alikamatwa, na 2013 akafukuzwa nchini. Watetezi wa katazo watasema Cecil ni Mwingereza, na kweli ni Mwingereza. Lakini filamu ya Rafiki, nayo ya mapenzi ya jinsia moja, ni ya Wanuri Kahiu, Mkenya, kutokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko, Mganda. Hata hiyo ilipigwa marufuku Kenya Aprili 2018. Septemba mahakama ikaifungulia siku 7, kisha kufuli likarudi.