Stoo ya viazi, bibi yangu, na historia ya kibanda umiza

Wadau, najua nimepotea. UE zimetubana hapa Mzumbe, halafu bumu lenyewe limekuja limechoka, kwa hiyo hata hela ya bando ilikuwa ya kuvizia. Leo nimetulia hosteli, mvua inapiga bati, roommate kalala. Ngoja niwape kisa cha wikiendi iliyopita, ila mnivumilie, maana ndani yake kuna somo la historia.

Ijumaa mjomba kanipigia. "Mjomba, wewe si msomi? Njoo unichoree sinema." Nikadhani utani. Wanaolijua eneo wanajua, kutoka chuoni ni kufika tu Sangasanga, unakamata gari la Mgeta, unapanda mlima mpaka masikio yanaziba. Jumamosi asubuhi nikawa nyumbani, ukungu mpaka mlangoni.

Kwetu nyumba zinajengwa kwenye mteremko. Mbele ya nyumba iko sawa na njia, nyuma iko juu ya msingi mrefu, na chini ya msingi huo babu alichimba stoo ya viazi. Nikaipima: urefu mita 5, upana mita 2.2, na dari mita 1.9. Mjomba akisimama wima kofia inagusa mbao. Hapo ndipo anataka sinema ya familia.

Sababu yake si anasa. Wanawe wawili kila penye mechi wanateremka kwenye kibanda cha video karibu na gulio, wanarudi saa tano usiku, ukungu, njia ya utelezi. Mwezi uliopita mdogo aliteleza akadondoka tuta mbili chini, mkono ukavunjika. Mjomba kasema basi, sinema itahamia nyumbani.

Tatizo ni bibi. Sisi Waluguru tunafuata upande wa mama, na kiwanja kile ni cha ukoo wa bibi. Mjomba ana sauti, lakini neno la mwisho si lake. Nikaenda jikoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umekuja kunifukuzia viazi vyangu?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza mambo mawili. La kwanza, mbegu zake zitalala wapi? La pili, "Mimi hayo maandishi ya chini siyasomi, na kizungu sikijui. Nitakaa humo shimoni naangalia midomo ya watu?"

Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu ndilo historia yenyewe ya sinema huku kwetu.

Tuanze mwaka 1935. Kule Vugiri, milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha jaribio la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha zilizotoka Marekani kwenye mfuko wa Carnegie. Mpaka mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Nyingi zilikuwa za mafundisho: weka akiba posta, lipa kodi, mkinge mtoto na malaria. Walizungusha lori Afrika Mashariki na kuvuka mpaka kusini, wanatandika kitambaa cheupe uwanjani, watu wanajaa. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwenye santuri, au mtu alishika kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya pale walipo.

Shikeni hapo. Tangu mwanzo, picha ilikuja na mtu wa kuisema.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni. Wakubwa wake waliamini Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwa hiyo filamu zikafanywa taratibu, jambo moja moja, na pembeni mfafanuzi anaongea. Sasa nikamuuliza bibi kama aliwahi kuona gari la sinema. Akasema aliliona utotoni, siku alipopelekwa mjini Morogoro. Picha hazikumbuki. "Nakumbuka yule mwenye maneno. Alikuwa anasema sana, na hukuweza kumjibu."

Hukuweza kumjibu! Kumbukeni miaka hiyo huku milimani kulikuwa na nini. Kulikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, watu wanalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955, upande wa Matombo, watu walichoka, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Hata chuo changu kilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Zama hizo maneno yote yalitoka juu kushuka chini. Sinema nayo ilikuwa hivyohivyo.

Lakini mambo hayakubaki pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za Kiswahili zenye visa, mojawapo Muhogo Mchungu, na aliyeigiza mbele kabisa alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Kawawa. Ndiye huyohuyo Simba wa Vita, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Watu wakaanza kumwona mwenzao kwenye kitambaa, na anaongea lugha yao.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, lakini huku bara tulisubiri mpaka 1994. Kabla ya hapo mwenye televisheni na deki alikuwa anatazama kanda tu, na mwenye akili ya biashara akatafuta chumba, akaziba madirisha, akapanga mabenchi, akakusanya kiingilio mlangoni. Hapo ndipo vibanda vya video vikaota kila mahali. Watu wakaviita kibanda umiza, na jina hilo halikukosea. Mgongo unauma maana benchi halina egemeo, shingo inauma maana televisheni iko juu karibu na dari, na hewa hakuna.

Filamu zilikuwa za Hong Kong, India, Marekani. Nani anaelewa? Mfafanuzi akarudi! Safari hii hakutumwa na serikali. Wakatokea watu kama Lufufu, na DJ Mark, wanaingiza Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, wanaeleza, wanatania, wanaongeza chumvi. Uganda wana ma-VJ wao wanaofanya kazi hiyohiyo. Na kule kibandani, tofauti na enzi za lori, watazamaji walikuwa wanajibu. Wanazomea, wanabishana, wanamtetea steringi.

Kwa hiyo, wadau, nilipokaa kuchora stoo ya mjomba nilianza na kigoda cha msemaji. Spika zikafuata baadaye. Mchoro wenyewe ni huu, na mwenye chumba chembamba chenye dari fupi anaweza kuuiga.

Kwanza, mjomba alitaka projekta. Nikamkatalia. Kwenye dari ya mita 1.9, mwanga unapita usawa wa vichwa, kila anayekwenda kukojoa anageuka sinema. Tukakubaliana televisheni ya inchi 43, iwekwe ukuta wa mwisho wa upande mfupi, katikati ya kioo usawa wa macho ya aliyekaa. Isiwekwe juu kama kibandani. Kwa ukubwa huo, kukaa kati ya mita 1.6 na 2.7 kutoka kwenye kioo kunatosha.

Pili, mjomba alitaka jukwaa nyuma ili wa nyuma waone. Jukwaa la sentimita 30 linakuachia mita 1.6 kwenda juu, utagonga kichwa kila siku. Dari huwezi kuinyanyua, basi shusha watu: mbele mkeka, katikati vigoda, nyuma benchi la kawaida lenye egemeo. Na kigoda cha msemaji kando ya sikio la bibi.

Tatu, kuta mbili ndefu zilizotazamana zinarushiana sauti, maneno yanakuwa uji. Tutatundika magunia matupu ya viazi, juu yake vitenge, upande mmoja na ukuta wa nyuma. Sabufa kubwa ya nini humo? Spika mbili ndogo zinatosha, maneno yasikike.

Nne, unyevu. Ukuta unaoshika mlima unatoka jasho. Televisheni tumeiweka kwenye fremu ya mbao, nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Hewa ipite: tundu moja chini karibu na mlango, jingine juu upande wa pili.

La tano tuligombana. Umeme ukikatika, mjomba alitaka jenereta ikae humohumo nyuma ya pazia, isiibiwe. Nikamwambia, "Mjomba, hapo utatuua wote." Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, kwenye shimo kama lile watu wanasinzia tu wasiamke. Akanuna. Mwishowe akakubali: jenereta nje, mbali na matundu, kwenye mnyororo. Umeme usiporudi, watu walale.

Na viazi? Mita 3.5 za mbele ni sinema, mita 1.5 za nyuma ni za bibi, viazi vya kula. Mbegu zimepanda juu kwenye vichanja barazani, penye mwanga usio wa jua kali, na huko ndiko zinakochipua vizuri, machipukizi mafupi yenye nguvu. Bibi alipoona vichanja akasema, "Hili nalo angelifanya babu yako."

Jumapili, kabla sijarudi chuo, tulijaribu. Televisheni ya sebuleni tuliishusha kwa kuivizia mvua. Tukaweka filamu moja ya kivita. Yule mdogo, mkono uko kwenye plasta, kakaa kwenye kigoda anamsomea bibi maandishi ya chini. Baada ya dakika kumi akachoka kusoma, akaanza kutunga. Bibi akamgeukia.

"Wewe, huyo mama hajasema hivyo. Analia hivi, halafu aseme anataka chai?"

Stoo nzima ikaangua kicheko. Dogo akarudi nyuma, akasoma vizuri. Bibi akajibizana na filamu mpaka mwisho, na usiku ule hakuna aliyeteremka gulioni.

Gari la saa tisa lilinikuta barabarani, mfukoni nina viazi vya kuchemsha alivyonifungia. Kesho nina presentesheni na sijagusa madesa. Mniombee.

Nawasilisha.