Ushuru wa Barabara na Daftari la Safari

Ninyi mlio zamu mipakani na katika vizuizi vya barabarani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo kwa majirani zetu lilianza kama jambo la fedha tu. Mwezi Januari mwaka 2022 Uganda ilianza kutoza ushuru katika barabara kuu mpya iendayo Entebbe kutoka Kampala. Mwezi Mei mwaka huo huo Kenya ikafungua barabara ya juu ya Nairobi, yenye urefu wa kilometa 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kote kuwili dereva aweza kulipa bila kutoa fedha mkononi: kifaa kidogo ndani ya gari huwasiliana na mtambo wa langoni, ushuru ukakatwa, kizuizi kikainuka.

Lakini kila kizuizi kinapoinuka, kompyuta huandika: gari fulani, lango fulani, saa fulani. Ni maandishi ambayo mpelelezi yeyote angetamani kuyasoma. Na siku nchi mbili zitakapokubaliana kwamba kifaa kimoja kitumike pande zote za mpaka, maandishi hayo nayo yatapata njia ya kuvuka mpaka. Ni nani basi aruhusiwe kulifunua daftari hilo? Swali hili si geni duniani, na historia yake inawahusu askari kuliko inavyowahusu wahandisi.

Mwezi Julai mwaka 1983 serikali ya Hong Kong, wakati huo chini ya Uingereza, ilianza majaribio. Magari yapatayo 2,500 yalifungwa chini ya uvungu vibao vya namba vya elektroniki, vilivyosomwa na nyaya zilizofukiwa katika lami. Mwenye gari angeletewa hati ya madai kila mwezi, kama ya simu. Mitambo ilifanya kazi barabara, hata hivyo mwaka 1985 mradi ukaachwa. Wenye magari hawakupenda gharama, hilo ni kweli. Lakini watu walitambua pia kwamba hati ionyeshayo deni huonyesha na mwendo wa mtu. Tena, Desemba 1984 Uingereza na Uchina zilikuwa zimetia saini mapatano ya kuirudisha Hong Kong mwaka 1997, na si wote waliofurahia kuliacha daftari la namna hiyo kwa mtawala ambaye bado hawajamjua. Singapore, ilipojenga mitambo yake mwaka 1998, ilipita njia nyingine: dereva alichomeka kadi yenye fedha ndani ya kifaa, na lango likakata fedha hizo bila kuhitaji kujua jina lake. Gari lisilolipa ndilo lililopigwa picha.

Mwaka ule ule wa 1983, tarehe 15 Desemba, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi ilitoa hukumu kuhusu sensa ya watu. Ilisema kwamba raia ana haki ya kuamua taarifa zake zitolewe na kutumiwa vipi, na kwamba mtu asiyejua dola inajua nini juu yake hatakuwa huru katika mwenendo wake. Wajerumani hawakuitoa hofu hiyo vitabuni. Walikuwa wamekwisha kuona polisi wa siri wa Hitler, na ng'ambo ya ukuta wa Berlin idara ya usalama ya Mashariki ilikuwa ingali ikijaza mafaili.

Kwa hiyo Januari 2005, walipoanza kutoza ushuru malori ya tani 12 na zaidi kwa msaada wa setilaiti, sheria ilikwisha kueleza: taarifa za mitambo hiyo ni za ushuru tu. Hata polisi hawatapewa. Mwishoni mwa mwaka huo huo Waziri wa Mambo ya Ndani, Wolfgang Schäuble, alitaka mlango ufunguliwe kwa makosa makubwa. Haukufunguliwa.

Jaribio lenyewe likaja kwa risasi. Kuanzia mwaka 2008 mtu asiyejulikana alikuwa akiyafyatulia risasi magari katika barabara kuu za Ujerumani, hasa malori yanayobeba magari mapya. Mwaka 2009 mwanamke mmoja alijeruhiwa vibaya karibu na Würzburg. Risasi zilipita 700. Wapelelezi walishuku dereva wa lori, na malori yote makubwa yalikuwa yakiandikwa na mitambo ya ushuru. Sheria ikawazuia kuyagusa maandishi hayo. Mkuu wa idara ya upelelezi ya shirikisho, Jörg Ziercke, alilalamika hadharani. Askari yeyote anayenisikiliza atamwelewa.

Je, walifanyaje? Waliweka mitambo yao wenyewe ya kusoma namba za magari katika sehemu chache za barabara, wakawaomba madereva watoe habari mara wapigwapo risasi, kisha wakalinganisha ni namba ipi iliyopita pale kila mara. Juni 2013 walimkamata dereva wa lori, na Oktoba 2014 mahakama ya Würzburg ikamfunga miaka kumi na nusu. Wako wanaosema kesi hii yathibitisha ubaya wa sheria ile, maana miaka ilipotea huku watu wakiwa hatarini. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, lakini haijamaliza maneno. Hata mitambo ya polisi ilinakili magari mengi ya watu wasio na hatia, na kazi hiyo nayo ililaumiwa. Tofauti ni kwamba ilikuwa na mahali pake, kosa lake na mwisho wake. Daftari la ushuru halina mwisho, na hukusanya habari za watu kabla ya kosa lolote kutendwa.

Jirani yao Austria ilikuwa imeanza kutoza malori Januari 2004, kwa mawimbi ya redio badala ya setilaiti, na dereva avukaye mpaka alilazimika kubeba vifaa viwili. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imeagiza tangu Aprili 2004 kwamba mitambo ipatane. Septemba 2011 nchi hizo mbili ziliruhusu kifaa cha Kijerumani kitumike Austria pia. Hapa ndipo penye busara ya kazi ile: kifaa kiliunganishwa, madaftari hayakuunganishwa. Kila nchi ilidai ushuru wake na kushika maandishi yake. Mwaka 2019 Ulaya iliongeza utaratibu wa nchi kuulizana mwenye gari asiyelipa ni nani. Ni habari za mdaiwa, si za safari za kila mtu.

Na kwetu? Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimeunganisha mitambo ya kufuatilia mizigo ipitayo. Lori lililotiwa lakiri ya elektroniki Mombasa huonekana Nairobi, Kampala na Kigali, na viko vikosi vya kulifikia haraka lakiri inapoguswa. Ni kazi njema dhidi ya magendo, na ni mzigo unaofuatwa. Ushuru wa barabara utamfuata hata mwalimu aendaye matangani.

Sheria za kulinda taarifa za watu zimekwisha kutungwa: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na kwetu Tanzania mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Ile ya Kenya na ya kwetu zimeacha nafasi kwa ajili ya usalama wa taifa. Nafasi hiyo ni ya lazima, bali upana wake utapimwa usiku mmoja langoni, askari atakapotaka orodha ya magari yaliyopita, na karani wa zamu akamwuliza ameshika amri ya hakimu, barua ya mkuu wake, au cheo chake tu.