Chupa ya maji na pumzi ya mtoto njiti

Nimekuwa kimya wiki tatu. Dadangu alijifungua mtoto wa wiki 31, na jioni zangu zote zimeishia wodini badala ya mbele ya kompyuta. Mtoto anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Leo nawaletea historia ya kifaa nilichokikodolea macho siku zote hizo.

Kifaa chenyewe ni mipira miwili na chupa ya maji. Mpira wa kwanza unaleta hewa iliyochanganywa na oksijeni hadi puani mwa mtoto. Wa pili unatoka hapo, na ncha yake imezamishwa majini. Ukiizamisha sentimita 5, hewa haitoki mpaka ishinde uzito wa maji hayo, kwa hiyo mapafu hubaki na shinikizo la sentimita 5 za maji hata mtoto anapotoa pumzi. Ukitaka kuongeza, sukuma mpira chini. Ukitaka kupunguza, vuta juu. Mapovu yakikoma, muuguzi anajua kuna mahali hewa inavuja. Wenyewe huiita CPAP ya mapovu.

Kwa nini shinikizo? Mwaka 1959, huko Boston, Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua yalikosa ute unaozuia vifuko vya hewa kujifunga. Bila ute huo, vifuko hujifunga kila pumzi inapotoka, na kuvifungua upya humchosha mtoto mpaka anashindwa. Agosti 1963 ugonjwa huo ulimuua Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, kabla hajatimiza siku 2. Baba alikuwa na kila kitu, ila dawa ya kumwokoa haikuwepo.

Sasa hapa ndipo nilipopapenda. Mtoto wa aina hii huguna. Dadangu alidhani wake analalamika. Kumbe mtoto hubana koo anapotoa pumzi ili hewa isiishe mapafuni. Yaani suluhisho alikuwa nalo mwenyewe, nguvu tu ndizo zilizokuwa zikimwishia. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha matokeo ya kumfanyia mtoto kazi hiyo kwa kifaa: kati ya watoto 20 mahututi, 16 walipona. Katika miaka ya 1970 hiyohiyo Jen-Tien Wung, New York, aliiendeleza njia ya kupitisha hewa puani na kutumia chupa ya mapovu.

Afrika ilisubiri sana. Karibu na mwaka 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walitengeneza toleo la bei nafuu. La kwanza lilikuwa pampu za tangi la samaki ndani ya kisanduku cha viatu cha plastiki! Lilipoboreshwa, likajaribiwa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Matokeo ya 2014: watoto wachanga waliotumia kifaa hicho walipona asilimia 71, waliopata oksijeni pekee asilimia 44. Mwaka 2019 ukaanza mradi wa NEST360 wa vifaa vya watoto wachanga, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Lakini tusishangilie vyuma peke yake. Mwaka huohuo wa 2019 utafiti mwingine wa Malawi, Salima, uliangalia watoto wakubwa kidogo, wa mwezi 1 hadi miaka 5, wenye nimonia kali. Daktari hakuwa akiwasimamia kila siku. Waliowekewa CPAP walikufa asilimia 17, wa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Chupa ni ileile. Mgonjwa ni mwingine, na usimamizi pia.

Usiku wa nne stima ilipotea wodini, mapovu yakanyamaza. Sisi wa Kipevu tumezoea kulala jirani na mitambo ya kufua umeme, lakini sikuwahi kujua thamani yake kama wakati ule. Kabla jenereta haijawaka, muuguzi alikuwa tayari kitandani kwa mtoto, tochi mdomoni, mkono kifuani pake, akihesabu pumzi.

Juzi mipira imetolewa. Mtoto anapumua mwenyewe, haguni tena. Haya, narudi wodini, zamu ya uji ni yangu.